"Akizaa Atajua" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Kufundisha Malezi Shuleni

Kila ninapowaeleza wazazi na walimu kwa nini somo la malezi linastahili nafasi katika ratiba ya shule, hujitokeza mtu anayesema kwa uhakika kamili kwamba malezi hayafundishwi: msichana akizaa atajua, na mvulana akiitwa baba atajifunza. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kupita kiasi, na ninaijibu hapa kwa kirefu kwa sababu, kati ya dhana zote potofu kuhusu somo hili, ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Kilio cha mtoto mchanga mwenye afya huongezeka kuanzia takriban wiki ya 2 baada ya kuzaliwa, hufikia kilele kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Katika kipindi hicho mtoto anaweza kulia kwa muda mrefu bila njaa wala ugonjwa, na asibembelezeke kwa lolote. Mzazi asiyelijua jambo hili huamini kwamba mtoto ni mkaidi au kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kulea, na katika uchovu na hasira hiyo ndipo baadhi ya watu humtikisa mtoto kwa nguvu. Shingo ya mtoto wa umri huo haiwezi kuhimili kichwa kinachorushwa huku na huku. Mishipa ya damu hukatika ndani ya fuvu, na matokeo yake yanaweza kuwa upofu, ulemavu wa kudumu au kifo. Maarifa ya kuzuia msiba huo ni machache: kilio hicho ni cha kawaida na kina mwisho, na mzazi anayehisi hasira inampanda anaweza kumlaza mtoto chali mahali salama, akatoka chumbani kwa dakika chache hadi atulie, kisha akarudi. Kijana wa miaka 14 huyaelewa haya katika kipindi kimoja cha darasani. Anayesema "akizaa atajua" atueleze atajua lini, ilhali kilele cha kilio humkuta mtoto akiwa hajatimiza hata miezi 2.

Wengine hunijibu kwamba upendo wa mzazi unatosha. Katika karne ya 20, kwa miongo kadhaa, wazazi wengi wa nchi za Magharibi waliwalaza watoto wachanga kifudifudi, tena kwa ushauri wa wataalamu, huku wakiwapenda kwa moyo wote. Utafiti ulipoonyesha kwamba ulalaji huo huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, zilianzishwa kampeni za kuwahimiza wazazi wawalaze chali. Marekani ilianza yake mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu. Hakuna anayeweza kudai kwamba wazazi wa kabla ya kampeni hiyo waliwapenda watoto wao pungufu ya waliowafuata.

Hata silika, ambayo hutajwa mno katika mabishano haya, haitoshi peke yake. Mwanasaikolojia Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwalea kima wachanga katika upweke, kwa majaribio ya kikatili ambayo leo yasingeruhusiwa. Majike yaliyokulia hivyo yalipozaa, mengi yaliwapuuza watoto wao wa kwanza au kuwashambulia. Ikiwa kima asiyeona malezi hashiki malezi, sioni kwa nini tumtarajie binadamu ayaote tu siku ya kujifungua.

Dhana ya pili ni kwamba somo hili huwachochea wanafunzi kupata watoto mapema. Anayeisema huwa amesikia habari za jimbo la Australia Magharibi, na habari hizo ni za kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, uliohusisha shule 57 na wasichana zaidi ya 2,800 wa umri wa miaka 13 hadi 15, baadhi ya wasichana walipewa mafunzo pamoja na mwanasesere wa kielektroniki anayelia usiku na mchana, kwa nia ya kuwakinga na mimba za mapema. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 20, asilimia 8 ya waliopewa mafunzo hayo walikuwa wamezaa, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao. Ninachokiona hapa ni kushindwa kwa vitisho. Mwanasesere hamtambui anayembeba, hakui, wala hacheki anapochekewa. Ni zana ya kuogofya iliyopewa jina la malezi, na ninawasihi walimu wakuu wasiinunue. Mtindo ninaoupendekeza bila kuchoka ni ule ambao Mary Gordon aliuanzisha mjini Toronto, Kanada, mwaka 1996, ambapo mzazi huja darasani na mtoto wake halisi mara kwa mara katika mwaka mzima wa masomo, na wanafunzi humtazama akikua na hujifunza kusoma hisia zake.

Kwamba somo hili ni la wasichana pekee, jibu ni fupi: mtoto ana wazazi wawili, na mvulana asiyejua kwa nini mtoto mchanga analia ndiye hasa anayehitaji kukaa dawati la mbele.

Kwamba ni kazi ya nyumbani, nakubali ni kazi ya nyumbani pia. Lakini mtoto aliyelelewa kwa kipigo hujifunza kipigo nyumbani kwao, na shule ndiyo nafasi yake ya kuona njia nyingine.

Na wale wanaotaka tusubiri kidato cha mwisho wanasahau kwamba watoto wengi wa miaka 9 au 10 tayari huachiwa wadogo zao wawaangalie. Mtoto wa umri huo anaweza kabisa kufundishwa kwamba mtoto mchanga hulazwa chali, hatikiswi, na hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka 1.