Kabla hujatia saini fomu ya ridhaa: utafiti katika hospitali ya kufundishia na haki zako

Tarehe 20 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Majaribio ya Kitabibu. Chimbuko lake ni mwaka 1747, pale James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza, alipowachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Kwa kawaida siku hii tunaweka banda, tunagawa vipeperushi, tunatoa hotuba. Mwaka huu sisi wa Kamati ya Maadili ya Utafiti tumeona tuitumie kujibu malalamiko, maana yameongezeka, na mengi yanaangukia palepale: mtu ametia saini fomu ya kukubali kushiriki utafiti bila kuielewa, nakala yake akaiacha mezani, akarudi nyumbani na mashaka.

Nianze na damu.

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu asubuhi, akavua kofia, akakataa kiti. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuja kuchukua damu yangu." Miezi michache nyuma alikuwa kliniki ya kisukari, wakamtoa vichupa viwili, na jirani yake akamwambia damu ile imepelekwa Ulaya kuuzwa. Nikamuuliza kama ana nakala ya fomu aliyotia saini. Hakuwa nayo. Tuliitafuta kwenye kumbukumbu za utafiti ule tukaipata. Ukurasa wa tatu kulikuwa na swali: je, unakubali sampuli itakayobaki ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye? Kisanduku cha "Ndiyo" kilikuwa na alama.

"Hilo la kuhifadhi sikuambiwa," alisema.

Tulimwita msaidizi wa utafiti. Alikiri kwamba siku ile foleni ilikuwa ndefu, akamsomea mzee ukurasa wa kwanza tu, kurasa zilizobaki akamwonyesha mahali pa kuweka alama. Kosa lilikuwa upande wetu, na tulimwambia mzee hivyo bila kuzunguka. Sampuli yake iliharibiwa, akapewa barua inayosema imeharibiwa lini na na nani. Msaidizi yule alisimamishwa kuandikisha washiriki hadi aliporudia mafunzo ya maadili. Mzee aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, ndipo akakaa kwenye kile kiti na kuanza kuuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza, na kujibiwa, kabla ya sindano.

Hofu ya damu haikuanza jana. Habari za mumiani zilivuma pwani na bara tangu enzi za ukoloni, na mtu aliyezisikia kwa bibi yake hawezi kuzisahau kwa sababu tu mbele yake amesimama kijana mwenye koti jeupe na kitambulisho. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini tuelewane juu ya vipimo. Kichupa cha kawaida cha maabara kinachukua mililita 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Anayechangia damu hutoa mililita 450 kwa mara moja. Damu ya kichupa cha maabara imechanganywa na kemikali ya kipimo na haiwezi kuongezewa mgonjwa yeyote, awe Ulaya au hapa wodini. Nimelieleza hili mara nyingi mno, na bado kila msimu narudi kulieleza upya kwa watu wenye elimu ya kutosha kabisa.

Je, sampuli hupelekwa nje ya nchi? Ndiyo, wakati mwingine. Hakuna sababu ya kulificha. Haziendi kwa mtu kuzitia kwenye begi. Lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli uliopitishwa na mamlaka za utafiti, unaotaja ni sampuli gani, ngapi, zinakwenda maabara ipi, zitapimwa nini, na kitakachobaki kitafanywaje. Mtafiti anatakiwa pia aeleze kwa nini kipimo hicho hakifanyiki nchini. Na fomu yako ya ridhaa lazima iseme wazi kama sampuli itasafiri. Kama haisemi, haisafiri.

Jambo la pili linaloleta mvutano ni kwamba katika hospitali ya kufundishia mambo matatu hutokea kwenye kitanda kimoja, na mgonjwa huyaona kama moja. Kuna tiba. Kuna mafunzo: wanafunzi sita wamezunguka kitanda, kila mmoja anataka kusikiliza moyo wako. Na kuna utafiti. Wanafunzi kukupima si utafiti, na wala "hujafanyiwa majaribio" kama wengi wanavyoandika kwenye sanduku la maoni, ingawa nako una haki ya kuombwa kwa adabu na haki ya kukataa. Utafiti ni pale taarifa zako, mwili wako au sampuli yako inapotumika kujibu swali litakalowafaa wagonjwa wengine, pengine hata si wewe. Ndiyo maana tiba ya kawaida haihitaji makaratasi yale yote, na utafiti unayahitaji. Daktari anayekutibu anaweza kuwa ndiye mtafiti pia, hapo muulize waziwazi, "Daktari, hili ni sehemu ya matibabu yangu au ni utafiti?" Anawajibika kukujibu.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tusiwape watu dawa zinazojulikana tukaachana na kujaribu. Swali hili nalijibu kwa taratibu kwa sababu ndilo kiini cha kazi yetu. Kujulikana ni nini? Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini na homa kali na dalili za mshtuko, yaani mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, mafunzo yalikuwa kumwongezea maji ya dripu kwa wingi na kwa haraka. Ilionekana dhahiri. Ndipo ukafanyika utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu Tanzania ulifanyika Muheza. Watoto 3,141 wenye hali hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: makundi mawili yakapewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti, la tatu likapewa matibabu yote mengine bila maji yale ya haraka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka, watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Katika kundi ambalo halikupewa, walifariki 7.

Rudia kusoma namba hizo. Tiba iliyoonekana kuwa ya huruma, iliyofundishwa kwa nia njema, ilikuwa ikiongeza vifo, na hakuna daktari mmoja mmoja wodini angeweza kuligundua hilo kwa macho. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa, kwa sababu kamati huru ya usalama ilipokagua takwimu ilishauri usiendelee. Majaribio makubwa ya dawa kwa kawaida huwa na kamati ya namna hiyo, isiyolipwa kulingana na matokeo na isiyo chini ya mtafiti. Watu hawaijui kwa sababu haionekani kliniki.

Mfano mwingine wazazi wengi wataukumbuka kwa masikio yao. Malaria kali ilitibiwa kwa dripu ya kwinini, na mgonjwa akitoka hospitalini masikio yanavuma. Leo tunatumia sindano ya atesuneti. Mabadiliko hayo hayakuletwa na wauza dawa. Utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe nao walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba "Waafrika tunafanywa panya wa maabara", namwomba aangalie ni wagonjwa wa wapi waliofaidika. Tafiti hizi zilifanyika hapa kwa sababu ugonjwa uko hapa.

Hata hivyo sitamwambia mtu kwamba hofu yake haina msingi katika historia. Huko Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu ili madaktari waone ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Waliambiwa wanatibiwa. Taratibu ninazozieleza hapa chini zipo kwa sababu ya mambo kama hayo, na ninaposikia mtafiti akizilalamikia kwamba zinachelewesha, jibu langu huwa fupi.

Utaratibu ni huu. Mtafiti anaandika andiko la utafiti pamoja na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Analileta kwa kamati ya maadili ya taasisi, ambayo ndani yake wapo madaktari, mwanasheria, na watu wa jamii wasio wataalamu wa afya. Andiko likihitaji ngazi ya taifa linakwenda kwa Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Kama utafiti unahusu dawa, chanjo au kifaa tiba cha kujaribiwa, unahitaji pia kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Baada ya hapo ndipo zinafuata barua za mkoa na halmashauri kwa tafiti zinazotoka nje ya hospitali. Kibali cha maadili huwa na tarehe ya mwisho na huombwa upya. Madhara makubwa yakimpata mshiriki, mtafiti anatakiwa kutoa taarifa ndani ya muda uliowekwa, hata kama anaamini hayakusababishwa na dawa. Kwa hiyo, ukiletewa fomu, tafuta namba ya kibali na tarehe yake. Fomu isiyo navyo usiitie saini.

Kuhusu ridhaa yenyewe, mambo machache hayaeleweki. Una haki ya kwenda na fomu nyumbani ukaongee na mwenzi wako au ndugu zako. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa baadaye bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha anaweka dole gumba. Mtoto wa chini ya miaka 18 huridhiwa na mzazi au mlezi, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa, na akikataa anasikilizwa. Na nakala moja iliyotiwa saini ni yako. Ichukue! Ndiyo yenye namba ya simu ya mtafiti na ya kamati.

Wengine hulalamika kwamba mwenzao amepewa dawa mpya, wao wakapewa ya zamani. Mgawanyo ni wa bahati nasibu, hata daktari hachagui, na mara nyingi wala hajui nani kapata nini. Hatujui bado kama dawa mpya ni bora. Tungejua, tusingefanya utafiti.

Nauli nayo imekuwa tatizo. Fedha anayopewa mshiriki ni ya kurudisha gharama za safari na muda. Si mshahara, wala si bei ya damu. Tumekuta watu walioandikishwa katika tafiti mbili kwa wakati mmoja, kliniki mbili tofauti, wakificha kwa sababu ya nauli mbili. Ndugu zangu, hapa nitasema kwa ukali: dawa mbili za majaribio mwilini mwa mtu mmoja zinaweza kumuua, na daktari wa zamu usiku hatajua anapambana na nini. Ukiulizwa kama uko kwenye utafiti mwingine, sema kweli.

Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Mtu anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Nawakumbusha pia wauguzi na wanafunzi: picha ya faili kwenye kundi la WhatsApp ni utoaji wa taarifa. Kuna tafiti zinazotumia mafaili ya zamani bila kumtafuta kila mgonjwa. Kamati huruhusu hilo pale tu majina yanapoondolewa na pale ambapo kuwatafuta wagonjwa wote haiwezekani, na tunakataa maombi ya aina hiyo yasiyo na sababu.

Mwenye lalamiko aanze kwa mtafiti, na asiporidhika aje kwa kamati ya maadili ya hospitali husika. Hailipiwi. Njoo na nakala ya fomu. Kama umeipoteza, njoo hivyo hivyo na kadi yako ya kliniki. Tukijua ulihudhuria kliniki gani na mwezi gani, tutaitafuta fomu yako kama tulivyoitafuta ya yule mzee.