Rola kosta ya kujibunia ni nini, na kwa nini kilima cha kwanza ndicho kila kitu

Rola kosta ni kigari cha kwenye reli kinachopandishwa kilima mara moja, kikaachiwa, kikamaliza safari yote iliyobaki bila injini. Maana ni hiyohiyo kwa ile kubwa ya viwanja vya burudani vya ng'ambo na kwa ile ya plastiki inayokaa juu ya meza. Ya kujibunia ni ile ambayo hukuijenga kwa kufuata kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Unachukua vipande vya kuchezea vya kuunganisha, unachora njia kwenye daftari, unaamua mwenyewe kilima kikae wapi, kona ipinde vipi, na kigari kipite chini ya nini. Wapo watu wazima ambao hii ndiyo hobi yao ya miaka, na mimi ni mmoja wao, hapa Bugarika, Mwanza.

Anayeishi kwenye vilima vya jiji hili ameshaiona dhana yenyewe, hata kama rola kosta hajawahi kuitia machoni. Watoto wa mtaani kwetu wana vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi. Wanavikokota mpaka juu kwenye mawe makubwa, wanakaa, wanajiachia. Jasho walilotoa wakipanda ndilo linalowashusha. Wakifika bondeni, kigari kinapanda kidogo upande wa pili, lakini hakifikii kimo walichoanzia, hata siku moja.

Kwa hiyo kimo ni akiba. Kigari kikishuka, kimo kinageuka kuwa mwendo. Kikipanda tena, mwendo unarudi kuwa kimo. Kila unapobadilisha, msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa vinachukua makato yao, kama unavyokatwa ukituma na kutoa pesa kwa simu. Kilima cha mita 1 kingetoa mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa, kama makato yasingekuwepo. Ndiyo sababu kilima cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko vyote vinavyofuata, na anayejibunia njia kazi yake kubwa ni kupanga matumizi ya akiba hiyo: kiasi gani kwenye kona, kiasi gani kwenye kilima cha pili, na kibaki kiasi gani cha kufikia stesheni.

Vipande vyenyewe ni vya aina nyingi. LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuchezea, ilitoa mwaka 2018 seti kubwa ya rola kosta yenye vipande 4,124, ikiwa na reli zake maalumu, na reli hizo zikawafungulia wajenzi wa kujibunia mlango mpana. Mimi nimezoea K'NEX, vijiti na viungo vilivyoanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbunifu wake, Joel Glickman, alipata wazo akichezea mirija ya kunywea soda kwenye harusi. Vyangu nimevikusanya kidogo kidogo kwenye soko la Mlango Mmoja, kwenye mafungu ya midoli ya mitumba, na sijawahi kupata seti iliyokamilika. Nadhani hilo limenisaidia. Usipokuwa na kijitabu unalazimika kuelewa.

Uzuri wa vijiti hivi ni kwamba urefu wake umepangwa kwa ajili ya pembetatu. Weka viwili vyeupe kwa pembe mraba, na cha buluu ndicho kitakachofunga mshazari. Viwili vya buluu vinafungwa na cha njano, viwili vya njano vinafungwa na chekundu. Fundi yeyote aliyewahi kugonga kenchi za paa atalitambua jambo hili papo hapo: mraba unalegea ukiusukuma, pembetatu hailegei.

Nililielewa hilo kwa tabu. Kilima changu cha kwanza kilikuwa sentimita 90, cha pili sentimita 70. Kwa hesabu kilitosha, ila kigari kilikuwa kinafia karibu na kilele cha pili kila mara. Nikafungua magurudumu, nikakuta uzi wa nywele za kusukia umejisokota kwenye ekseli ya nyuma, nikautoa kwa sindano. Kikasogea mbele kidogo, kikafa tena. Mwishowe niliweka kidole kwenye nguzo ya bonde wakati kigari kinapita, nikahisi nguzo inatetemeka mpaka chini. Ule mtetemo ulikuwa ni mwendo wa kigari unaovuja kuingia kwenye nguzo. Nikafunga mishazari pande zote nne, nikapima sakafu kwa pima maji (ilikuwa imeinamia upande wa ziwa), nikachomeka vibao chini ya miguu miwili. Kigari kikavuka kilele kana kwamba hakijawahi kukwama pale.

Kona nazo zinakula akiba zikijengwa vibaya. Tazama dereva wa bodaboda anavyoilaza pikipiki anapokata kona kwa kasi. Reli nayo inatakiwa ilale hivyo, upande wa nje uwe juu, la sivyo magurudumu yanasugua ubavuni mwa reli.

Kitanzi, pale kigari kinapopinduka kichwa chini, ndicho ghali kuliko vyote. Kitanzi cha duara kamili chenye upana wa sentimita 40 kinadai, kwa hesabu tupu, kigari kianzie sentimita 50 juu ya sehemu yake ya chini. Mimi huanzia 70 kwa sababu ya makato. Na duara kamili silipendi. Mwaka 1895 huko Coney Island, New York, rola kosta iliyoitwa Flip Flap Railway ilikuwa na kitanzi cha namna hiyo, na kilibana abiria mpaka shingo zikauma. Mwaka 1976 Mjerumani Werner Stengel alisanifu kitanzi cha rola kosta ya Revolution huko California kwa umbo la tone la maji, chini kikiwa kipana na juu kikibana. Kwenye modeli utaiona tofauti kwa macho: kigari kinaingia kwa ulaini badala ya kuigonga reli.

Kwenye kilima cha kwanza kuna mnyororo wa kuvuta na kipande kama kidole kinachozuia kigari kisirudi nyuma. Kinalia tik-tik-tik kama gurudumu la nyuma la baiskeli unapoacha kukanyaga. Yangu ina mota, na umeme ukikatika nazungusha kwa mkono.

Ukimaliza kujenga, tazama kigari kinavyoingia stesheni. Kikiishia njiani, punguza kilima cha pili sentimita 5 ujaribu tena. Kikiingia kwa kishindo na kugonga kizuizi, bado una akiba: ongeza kona moja.