Droni huhesabuje sokwe bila kumwona hata mmoja?

Ukisikia droni zinatumika kuhesabu sokwe mkoani Kigoma, haraka unamwaza mtu ameketi mbele ya skrini akihesabu wanyama wanaopita chini: mmoja, wawili, watatu. Si hivyo. Mchana sokwe yuko chini ya majani, mweusi kama kivuli alichokalia, na mngurumo wa droni unaweza kumkimbiza. Kamera ya joto nayo hugonga mwamba matawi yakisongamana. Hifadhini Gombe wala haihitajiki hesabu ya namna hiyo, maana tangu Jane Goodall aanze kazi pale mwaka 1960, watafiti wamekuwa wakiwatambua sokwe kwa sura na majina. Kazi iko kusini mwa mto Malagarasi, kwenye misitu ya miombo ya Masito na Ugalla, pakubwa, sokwe wachache na wametawanyika.

Huko vinahesabiwa vitanda. Jioni kila sokwe aliyeacha kulala na mama yake hupanda mti, hukunja matawi, hutandika majani na kulala. Kesho yake, kwa kawaida, hutengeneza kiota kingine. Droni hupita kwa mistari ikipiga picha zinazopishana, programu inaziunga ziwe ramani, na viota vinatiwa alama.

Kutoka kiota hadi sokwe ndipo penye utamu. Chukulia mafundi wanaojenga nyumba: kila mmoja hunywa chupa moja ya maji kwa siku na kuitupa hapo hapo. Umefika wameshaondoka, umekuta chupa 300. Kama chupa hukaa siku 100 kabla ya kuokotwa, mafundi ni 3. Kama hukaa siku 150, ni 2; fundi mmoja ameyeyuka bila kosa lolote la kuhesabu. Muokota chupa wa msituni ni mvua, upepo na aina ya mti, na kasi yake hubadilika kwa msimu. Hesabu nzuri kwa hiyo huanza na mtu anayerudi kwenye viota vile vile, miezi kadhaa, kuona vinaoza lini.

Tena droni haioni vyote. Kiota kilichofichwa na tawi la juu hakitokei pichani, na waliolinganisha picha na hesabu ya watu wanaotembea msituni kwa miguu walikuta vingi vimekosekana. Kiangazi, miombo ikipukutisha majani, huonekana vizuri zaidi. Kwa hiyo droni huonyesha pa kwenda. Kuhakikisha bado ni kazi ya miguu.