Veduta ni picha ya aina gani?

Tuseme mgeni amekuja Dunga, ule ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, amekula samaki wake, amepanda boti mpaka jua likazama, sasa anataka picha ya kuchorwa ya kubeba aende aweke sebuleni ajisifu nayo. Hataki mawazo ya msanii, anataka Dunga yenyewe, boti na majina yaliyopakwa rangi ubavuni, hata yale magugu yakae hapo kwa maji. Hiyo ndio veduta. Ni neno la Kiitaliano, maana yake ni kile jicho linaona, na wingi wake ni vedute.

Zilivuma sana Venice, mji wa Italia, miaka ya 1700, na wateja wakubwa walikuwa Waingereza wenye pesa waliokuwa wanazunguka Ulaya. Fundi wao alikuwa Canaletto (1697–1768), na aliyemtafutia soko ni Mwingereza mmoja aliyeishi hapo Venice, Joseph Smith, ambaye mwaka wa 1762 alimuuzia mfalme George III wa Uingereza sehemu kubwa ya mkusanyiko wake, picha za Canaletto kibao ndani.

Sasa zile tamu zaidi ni za sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Siku hiyo Doge, yaani mkuu wa dola ya Venice, alipanda Bucintoro, meli ya makasia iliyopakwa dhahabu mpaka macho yaume, akapelekwa pale bahari inafunguka, akatupa pete majini kuonyesha Venice imeoa bahari. (Hapa kwetu vijana wangekuwa washapiga mbizi kuitafuta kabla hajaketi.) Canaletto anachora meli imeegeshwa kando ya ikulu, gondola, zile boti nyembamba za Venice, zimejaa hadi maji hayaonekani vizuri, bendera, watu wamevaa, na kila dirisha la jengo liko mahali pake.

Ama karibu mahali pake, juu jamaa alikuwa anasogeza majengo kidogo, anaunganisha mitazamo miwili iwe mmoja ili picha ikae poa, kwa hivyo usiichukulie kama ya kamera. Lakini mahali lazima pawe pa kweli, ukibuni mandhari kutoka kichwani hiyo inaitwa capriccio, ni kitu ingine.

Bucintoro ya mwisho ilianza kazi 1729, na mwaka wa 1798 wanajeshi wa Napoleon waliivunja mapambo wakayachoma ili wapate ile dhahabu. Ukitaka kujua ilikaaje juu ya maji na watu wakiishangilia, utarudi tu kwa hizo picha walizouziwa wageni.