Simenti siyo dawa ya mnara wa taa

Wiki hii tena. Mtu karudi kisiwa cha Chumbe, hapa Zanzibar, kapanda zile ngazi za mnara wa taa mpaka juu, halafu ananitumia meseji: "Fundi, mnara unapigwa na bahari kila siku ule, si waupige lipu ya simenti yaishe?" Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, naandika hapa.

Mnara ule ni wa 1904, enzi za Waingereza, wa kuongozea meli, na pale chini kuna msikiti na nyumba ya mlinzi wa taa, yaani watu waliishi pale. Haya.

Sasa simenti. Watu wanadhani ukuta wa kale unakufa kwa sababu ni laini, kwa hiyo uuvalishe kitu kigumu. Siyo hivyo! Ukuta wetu wa mawe ya matumbawe na chokaa unakunywa maji na kuyatoa, ndo maisha yake. Kinachoua ni chumvi. Maji yanaingia nayo, jua likiwaka maji yanatoka, chumvi inabaki inagandia ndani ya vitundu na kuvipasua. Kama juu kuna lipu ya chokaa basi chumvi inagandia kwenye lipu, lipu ndo inaliwa, baada ya miaka unaibandua unapiga nyingine na jiwe liko salama. Ukiweka simenti, ufa utatokea tu maana simenti haikubali kucheza na ukuta, maji yanaingilia hapo halafu hayana pa kutokea, na chumvi inagandia nyuma, kwenye jiwe lenyewe. Nje unaona ukuta safi miaka kadhaa, unampongeza fundi. Nilishabandua lipu ya hivyo kwenye msikiti mmoja wa kale, ikashuka na uso wote wa jiwe, nyuma unga mtupu unaukomba kwa mkono. Iliniuma sana. Jiwe lile lilichongwa na mtu, halirudi.

Wengine wananiambia, "Lakini chokaa haiwezi mawimbi." Mhandisi Mwingereza John Smeaton alimaliza mnara wa Eddystone kule Uingereza 1759, juu ya mwamba katikati ya bahari, kwa chokaa inayoganda hata majini, kachanganya na majivu ya volkano kutoka Italia. Simenti ya Portland, hii tunayoijua leo, ilikuja kusajiliwa baadaye, 1824. Mnara wa Smeaton ukasimama zaidi ya miaka 100, na ulipoondolewa ni kwa sababu mwamba wa chini ulikuwa unaliwa na bahari, siyo mnara. Sehemu ya juu ipo Plymouth mpaka leo.

Ila niseme ukweli, chokaa yetu ya kuchoma huku siyo ile ya Smeaton. Inataka hewa ili ishike, na upande wa kusi inaweza kuoshwa kabla. Mimi natia unga wa tofali la kuchoma na kufunika magunia mabichi, lakini kipimo cha unga sijapata cha kuapia, kila tanuu na chokaa yake. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanatia simenti kidogo na kuta zao zimesimama. Nimebishana nao sana, bado sijawashinda.

Na rangi za plastiki nazo zinaziba ukuta vilevile. Ukitaka mnara mweupe paka chokaa, nyepesi, mikono mitano sita, masika yakipita uangalie palipotoka upake tena.