Mashine yetu haipimi gramu za dhahabu, jamani

Wiki hii tena. Kaka mmoja katua kiroba cha mawe mezani: "Fundi, niambie tu, lina gramu ngapi kwa tani?" Nikamjibu mashine hii ya eksirei (XRD) inatambua aina za madini, haisomi gramu. Akaniangalia kama mtu aliyenyimwa haki yake. Basi naandika, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Tunapiga eksirei kwenye unga wa jiwe, tunasoma zinatoka kwa pembe zipi. Kila fuwele ina nafasi zake kati ya safu za atomu, na nafasi ndizo zinazoamua pembe. Hesabu hiyo ni ya akina Bragg, baba na mwana, waliopewa Nobel 1915. Kwa tyubu ya shaba, ndiyo inayotoa eksirei, kilele cha kwazi (yale madini ya mchanga) kwenye grafu hutokea nyuzi 26.6, cha dhahabu 38.2. Twende.

Shida ni kiasi. Madini yakishuka chini ya asilimia 1 hivi, kilele chake kinamezwa na chenga za grafu. Asilimia 1 ya tani ni kilo 10. Kilo! Jiwe la gramu 5 kwa tani, ambalo mwenye duara (shimo la machimbo) analificha uvunguni, lina dhahabu asilimia 0.0005. Ni kweli atomu ya dhahabu ni nzito na inarudisha eksirei kwa nguvu, kwa hiyo huenda ikajitokeza mapema zaidi. Ila mawe ya Geita mengi yamejaa chuma, na chuma mbele ya tyubu ya shaba kinang'aa chenyewe na kuzidisha chenga. Hata nikikupunguzia mara 10, bado unahitaji kilo nzima kwa tani. Gramu zinapimwa kwenye tanuru, unga ukiyeyushwa pamoja na metali ya risasi inayozoa dhahabu yote. Na ile bunduki ya mkononi ya kupimia madini kwa eksirei usiiamini sana: zinki na aseniki huidanganya ione dhahabu isiyokuwepo.

Kazi yetu ni kukuambia dhahabu imekaa na nani. Ikifungiwa ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), sayanaidi, ile dawa ya kuyeyusha dhahabu, haiifikii. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, maji hayapiti kwenye tenki lako la kuchenjulia. Hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Hata asilimia zetu zisomeni kwa akili. Ulanga (maika) ukiukandamiza kwenye kisahani unalala bapa kama karata, kilele chake kinavimba kuliko haki yake. Kisicho na fuwele hakionekani kabisa, lakini programu inalazimisha jumla ifike 100. Nikiandika "kwazi 62.4", hiyo nukta nne ni pambo. Kuna siku hata hiyo mbili siiapii.

Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki chumbani, ingieni, fagieni. Kinachoninyima usingizi ni maji ya kupozea tyubu. Kwa kilovolti 40 na miliampea 40 tyubu inakula wati 1,600, na zaidi ya asilimia 99 inageuka joto. Umeme ukikatika pampu inasimama. Ukirudi, tunapandisha volti taratibu. Halafu mtu anasema, "Ziwa si hilo hapo?" Mwani wa Ziwa Victoria kwenye chujio langu? Asante, nabaki na maji yaliyotoneshwa.

Mkija, leteni marudio (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) yaliyokauka, jina la duara liandikwe juu ya mfuko, siyo kwenye kikaratasi ndani ya unga. Na majibu ya tanuru yaje pamoja na mzigo. Nikijua mzigo una gramu 8 kwa tani na sayanaidi inakutolea 3, hapo nina cha kutafuta.