Uhandisi na usimamizi wa ujenzi: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kijana wa huku kusini anayetaka kusomea ujenzi hapungukiwi washauri. Wajomba wanashauri, mafundi wanashauri, waliotangulia chuo wanashauri. Nia ni njema, lakini mengi wanayosema si kweli, na yanawapeleka vijana wenye uwezo kwenye kozi wasizozikusudia.

"Usimamizi wa ujenzi ni wa walioshindwa hesabu"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Chukua mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mhandisi ameagiza maji yawe nusu ya uzito wa saruji, yaani lita 25. Siku ya kumwaga slabu, mbao hazijakamilika na nondo hazijafungwa zote, lakini mikisa imeshawashwa kwa kuwa imekodiwa kwa siku. Zege linasubiri juani, linaanza kukaza. Fundi anaongeza ndoo ya lita 20 ili lilainike. Sasa maji yamefika lita 45, uwiano wa maji kwa saruji umetoka 0.5 hadi 0.9, na nguvu ya zege hilo imeshuka chini ya nusu ya ile iliyokusudiwa. Mchoro ulikuwa sahihi, hesabu ya nondo ilikuwa sahihi. Slabu imeharibiwa na mpangilio wa asubuhi ile.

Na ratiba yenyewe ni hesabu: kazi ipi inaisubiri ipi, ipi ikichelewa siku moja jengo zima linachelewa, ipi inaweza kungoja bila madhara. Fedha nazo ni hesabu. Mkandarasi hulipwa kazi ikishapimwa na kuidhinishwa, wakati vibarua wanataka chao mwisho wa wiki. Asiyeweza kupanga pengo hilo husimamisha kazi hata kama mkataba wake una faida.

"Mhandisi abaki na michoro, vifaa na ratiba ni vya watu wengine"

Labda kwingine. Huku, saruji tunayo jirani, kiwanda cha Dangote kiko hapa Mtwara. Nondo nyingi zinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, wakati wa mvua na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Kilwa, na mzigo wa barabarani ukakwama. Kisha kuna korosho. Kuanzia Oktoba vibarua wengi wako mashambani, malori yanakimbilia mzigo wa korosho, na korosho zikielekea kuisha mvua zinaanza. Anayetaka paa liwe juu kabla ya mvua inabidi ahesabu kurudi nyuma tangu katikati ya mwaka.

Sasa nondo za milimita 16 hazijafika, zilizopo ni za milimita 12. Msimamizi asiyejua uhandisi ana mawili: asimamishe kazi, au aweke ya 12 moja badala ya kila ya 16, na hilo la pili ni hatari. Nondo ya 16 ina eneo la milimita za mraba 201, ya 12 ina 113 tu. Nne za 16 zinahitaji nane za 12, na hizo nane lazima zienee ndani ya bimu huku zege likipata pa kupita. Mwenye masomo yote mawili anapiga hesabu hiyo, anaipeleka kwa mhandisi mshauri iidhinishwe, na kazi inaendelea.

"Ukitaka vyote viwili, usome shahada mbili"

Hapana. Shahada ya uhandisi ujenzi ni miaka minne, na ndani yake kuna masomo ya usimamizi wa miradi, mikataba na makadirio. Wanafunzi wengi huyapita haraka wakikimbilia miundo, nami nawasihi wasifanye hivyo. Atakayetaka kuzama zaidi atasoma uzamili baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina uzamili wa usimamizi wa uhandisi.

"Shahada yoyote ya ujenzi inakufanya mhandisi"

Hapa ndipo vijana wanapoumia, kwa sababu wanagundua wakiwa wamechelewa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, husajili waliosoma uhandisi. Wakadiriaji majenzi, yaani wanaopima na kukadiria gharama za jengo, wana bodi yao ya pamoja na wabunifu majengo. Kampuni ya ukandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa madaraja. Na hata ukimaliza uhandisi, unaanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu.

Kwa hiyo mpangilio una maana. Aliyeanza na uhandisi anaweza kuongeza usimamizi wakati wowote. Aliyeanza na usimamizi peke yake, akitaka baadaye muhuri wa mhandisi, atarudi kuanza shahada upya.

"Fosi akaunti haihitaji msomi"

Inamhitaji sana. Huu ni utaratibu wa kujenga miradi ya umma, kama madarasa, kwa kununua vifaa na kukodi mafundi moja kwa moja bila mkandarasi. Kuna kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, wengi wao wanakijiji wasiowahi kushika mchoro. Wakiambiwa watoe mirunda inayoshikilia zege la darasa hili siku ya saba ili ikatumike darasa la pili, wanatoa, wakati zege la siku saba lina takriban theluthi mbili tu ya nguvu ya siku 28.

"Bila kidato cha sita huingii"

Mwenye kidato cha nne aliyefaulu vizuri hesabu na sayansi anaweza kuomba stashahada ya uhandisi ujenzi kwenye Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ni miaka mitatu. Akihitimu anaweza kusajiliwa fundi sanifu, na akipata ufaulu unaotakiwa anaomba shahada. Mzazi asiogope njia hii kwa sababu tu ni ndefu. Kijana atafika chuo kikuu akiwa ameshamwaga zege, ameshapima mchanga, na ameshaona kwa macho yake ndoo ya maji ya ziada inavyofanya.